Tochi Mbili Shingoni mwa Shangazi

Baba yangu hajui kunyamaza. Nilimweleza kwa simu kwamba chuoni nafanyia utafiti dawa zenye rutheni, madini ya ukoo mmoja na platinamu, na kwamba dawa hizo hulala tu mwilini mpaka zimulikwe, chembe mbili za mwanga kwa mpigo, ndipo ziamke na kuua seli za kansa. Nilidhani naongea na mzazi, kumbe naongea na redio. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani, akawatangazia waumini wote wa mtaa wetu wa Tunduma kwamba binti yake anatibu kansa kwa tochi.

Kwa tochi! Mimi ambaye mpaka leo nimemulika seli za kwenye visahani vya maabara tu, na nyingine zilikufa kabla hata sijawasha taa.

Habari ikafika Hasamba kabla yangu. Huko anaishi shangazi yangu, dada yake baba, mkulima wa kahawa, ambaye shingoni alikuwa na uvimbe mkubwa kama parachichi changa. Madaktari wa Mbeya walishampangia upasuaji, uvimbe utolewe, upimwe kama ni kansa. Baada ya tangazo la baba akasema haendi ng'o. Akatwe shingo ya nini, na mtoto wa kaka yake ana mwanga? Baba akanipigia, safari hii sauti imemwishia: "Njoo umwambie wewe, mama. Siku yenyewe ni wiki ijayo." Nilimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na sijutii.

Nikamkuta shangazi uani, kwenye kiti cha plastiki, kidevu juu, khanga kaishusha mabegani. Kushoto, juu ya matofali, tochi ya kichwani, zile za wachimbaji. Kulia, juu ya pipa, nyingine. Zote zinammulika shingo, mchana kweupe. Alikuwa ameziazima kwa mwanawe anayechimba dhahabu Saza.

"Shikamoo, shangazi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Usinisogeze. Baba yako kasema lazima mianga miwili ikutane. Nauzoesha huu uvimbe, ukileta dawa usije ukashtuka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akanitupia jicho la pembeni. "Cheka tu. Ndiyo elimu mliyopewa."

Kisha nikauona ule uvimbe kwa karibu, kicheko kikakatika. Niliogopa, nasema kweli. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Nikazima tochi, nikamwonyesha gunia la kahawa lililokuwa barazani.

"Hili utalinyanyua peke yako?"

"Kwa kiuno hiki? Thubutu!"

"Na mimi nikija kulivuta, nikaenda zangu, halafu ukaja wewe?"

"Litatucheka."

"Tukilishika wote wawili kwa mpigo?"

"Linapanda pikipiki hilo."

Basi, nikamwambia, ndivyo ilivyo. Mwanga unaoweza kupenya ndani ya nyama ni mnyonge, chembe yake moja haina ubavu wa kuiamsha dawa. Zinatakiwa chembe mbili, ziifikie punje ileile ya dawa kwa wakati uleule, ziinyanyue pamoja. Na hilo hutokea pale tu tunapoubana mwanga kwenye kinukta kidogo mno, chembe zikasongamana kama watu mlangoni mwa harusi. Hapo dawa inaamka, inaichokoza oksijeni iliyo jirani, oksijeni inakuwa kali na kuua seli mbaya. Pembeni ya kinukta dawa inaendelea kulala, nyama isiyo na ugonjwa haiguswi. Utamu wake ndio huo. Lakini tochi, hata ungekusanya za Saza nzima, hazifanyi kitu hicho.

Shangazi akafikiri. "Na hiyo dawa umekuja nayo?"

"Sina, shangazi. Bado haijawa dawa ya watu. Inaweza kuchukua miaka mingi, na inaweza isifike kabisa."

"Alaa! Yaani mimi nimeita wabebaji, na gunia lenyewe halipo?"

"Halipo."

Akacheka, akacheka, kisha nikaona anafuta macho kwa ncha ya khanga. "Naogopa kisu, mwanangu. Naogopa kulazwa pale nisiamke."

"Hata mimi naogopa. Ila naogopa zaidi ukiendelea kukaa hapa."

Akazikusanya zile tochi mbili, akaziweka mapajani. "Haya, nitaenda. Lakini wakishautoa, uchukue wewe. Ukaumulike huko kwenye visahani vyako, angalau umfae mwenzangu."

Nikaanza kumweleza mambo ya vibali. Akanikata kauli: "Vibali vya nini? Uvimbe si wangu?"

Akapasuliwa, akaamka. Siku ya majibu tulikwenda Mbeya sote watatu. Daktari alisoma karatasi, akatabasamu, akasema si kansa. Baba akapiga magoti palepale. Shangazi, bandeji shingoni, hakumwangalia baba wala daktari. Alinigeukia mimi, uso kaukunja.

"Kwa hiyo uvimbe wangu kwa kazi yako haufai?"

"Haufai, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!" Nikamkumbatia huku nalia kama mtoto, naye akinisukuma na kulalamika kwamba kakatwa shingo bure.