Nani Alilala Chini ya Kitanda

Usiku wa manane nilimsikia mwanangu, mgonjwa wa surua, akilia ndani ya wodi hapa Homa Bay. Nami nimefungiwa nje, kwa sababu sheria ilitaka kila mama aondoke jioni! Asubuhi daktari wa watoto akanishika mkono, tukaenda mbele ya kamati ya halmashauri inayosimamia hospitali.

"Mtoto wa surua asiponyonya usiku kucha anakauka," daktari akasema. "Badilisheni sheria."

"Wodi itageuka soko!" akajibu mwenyekiti, bwana mnene mwenye usinga. "Watakaanga dagaa wa omena humo!"

Daktari akamwinamia sikioni, lakini nilikuwa karibu. "Ulipolazwa wewe, mheshimiwa, ukiwa mtu mzima, nani alilala chini ya kitanda?"

Mwenyekiti akatazama dari. "Mama yangu," akanong'ona. Kisha akapaza sauti: "Wenzangu, kuanzia leo mama walale na watoto wao!"

Mikono yote ikainuka. Nikapiga kigelegele mbele ya wakubwa, mimi niliyeogopa hata kukohoa!

Mlangoni mwenyekiti akanivuta kando. "Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, ulisikia?"

"Nilisikia, baba."

"Basi iishie hapo."

Wasomaji, ninyi ndio wa mwisho. Naahidi sitamwambia mtu mwingine.