Mwezi Niliouchora kwenye Vyungu vya Bibi

Juzi mjukuu wangu wa mwisho alirudi kutoka shule na kiboksi cha rangi za maji. Akakaa barazani, akalowesha brashi, akachora mwezi. Ukamchuruzika. Rangi ikashuka mpaka ukingo wa chini wa karatasi, mtoto akainua macho kwa hofu, na mama yake akamwambia, "Endelea tu mwanangu, si lazima utoke vizuri." Mimi nikasimama, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Mkwe wangu, huyo mama wa mtoto, alidhani nimekasirika kwa sababu ya maji yaliyomwagika sakafuni. Mwache adhani hivyo. Wewe tumezoeana, wewe nitakueleza.

Nilikulia Ikombe, mahali ambapo milima inashuka moja kwa moja hadi majini mwa ziwa na mtu anayetaka kulima inabidi alime huku amejishikilia. Ukitaka kwenda Matema au sokoni Lyulilo, unapanda mtumbwi. Mashamba yetu yalikuwa vipande vya muhogo katikati ya mawe. Chakula chetu hasa kilitoka kwenye udongo wa kufinyangia. Wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu wakavipeleka Lyulilo, na wanawake wa Kinyakyusa wakashuka kutoka kwao na mahindi, maharage na mikungu ya ndizi. Mwenye mahindi alikijaza chungu chako mpaka mdomoni. Ukishamimina mahindi kwenye kikapu chako, chungu kinakuwa chake. "Ndaga fijo," anasema, yaani ahsante sana, anajitwisha, anaondoka. Hivyo ndivyo tulivyokula, na ilikuwa enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, kabla sijajua hata neno moja la hiki Kiswahili ninachokuandikia.

Nyumbani tulikuwa watatu. Bibi mzaa mama, mimi niliyekuwa na miaka kama tisa au kumi, na mdogo wangu wa kiume ambaye mama alifariki akimzaa. Baba alichukuliwa na askari kubeba mizigo ya serikali kwenda milimani. Hakurudi, na hakuna aliyejisumbua kuja kutuambia kwa nini.

Nikifumba macho naisikia ile asubuhi ya Ikombe. Wanawake wanatwanga udongo, usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, umeanikwa kwenye mchanga na unanuka kila mahali, mtu anamfokea kuku. Bibi alifinyanga akiwa amepiga magoti, chungu kikikaa ndani ya kigae kikubwa ambacho alikizungusha kwa mkono mmoja. Alisugua kwa kokoto moja nyeusi, laini, aliyorithi kwa mama yake, na ole wako uiguse. Chungu kikipinda hata kidogo, alikipiga ngumi kingali kibichi kikawa tonge tena. Sikuwahi kumwona akisita. "Afadhali nikivunje mimi kuliko moto," alikuwa akisema, na mimi niliyekuwa nimekisugua asubuhi nzima nilimeza machozi na kuanza upya.

Kupaka rangi kulikuwa na sheria zake. Chungu kikishakauka kivulini, ulichukua udongo mweupe uliokandwa mzito, ukachora mistari myembamba shingoni kwa ncha ya kidole. Mistari tu. Halafu ulingoja tena siku nne, tano, hata zaidi. Siku ya kuchoma, bibi alipita akikigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kilichokauka kinalia vizuri. Chenye maji ndani kinatoa sauti nzito, na hicho hakiendi motoni, kwa sababu maji yaliyojificha kwenye udongo yakipata moto yanakipasua, na vipande vyake vinavunja vya jirani. Mtoto yeyote wa Ikombe alijua hilo kabla hajajua kuoga mwenyewe.

Misheni ilikuwa ng'ambo ya ghuba. Mwalimu wa kule alikuja kijijini kuomba wasichana waende shule, na bibi akakubali niende siku mbili kwa wiki, kwa kuwa jirani yetu alikuwa akipeleka samaki kule na mtumbwi wake ulikuwa na nafasi. Kusoma sikukupenda. Nilichokipenda kilikuwa baraza la nyumba ya mchungaji. Mke wake, Mjerumani mwembamba aliyezungumza Kinyakyusa cha puani, alikuwa na kisanduku cha bati chenye rangi ndogo ndogo za mraba, na aliwachagua wasichana wawili watatu kukaa naye asubuhi kabla ya kengele. Sisi tulimwita mama mchungaji.

Siku ya kwanza mwezi ulikuwa haujazama. Ulikuwa umebaki juu ya bonde, mweupe, umechoka, na jua limeshatoka. Mama mchungaji akatuambia tuuchore. Nilichora duara, nikaona limepinda. Nikasugua, nikarekebisha, nikasugua tena kama ninavyosugua chungu, mpaka karatasi ikatoboka. Nikaikunja haraka niitupe kabla hajaniona. Akanishika mkono, si kwa ukali.

"Acha," akasema. "Weka maji mengi. Maji yanajua njia yake. Usihangaike."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea, si karatasi tu?"

Hujui neno hilo lilivyoniingia. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kukosea si kitu. Nililowesha karatasi nyingine mpaka ikang'aa, nikagusa rangi katikati, ikakimbia yenyewe pande zote na mwezi ukatokea, na ukungu wake, bila mimi kuulazimisha. Nilicheka kwa sauti. Tangu siku hiyo niliishi kwa ajili ya zile asubuhi mbili. Nilichora mwezi mzima, mwezi mwandamo, mwezi uliofunikwa nusu na mlima, na mama mchungaji akaubandika mmoja ukutani kwake na kuwaonyesha wageni. Nilifurahi mno. Nakwambia hivyo ili usidhani nilikuwa mtoto mbaya.

Mwezi mmoja niliuleta nyumbani. Bibi akaipokea ile karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama upande wa nyuma.

"Hiki kinajazwa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hakijazwi kitu. Akanirudishia na kwenda kuchochea moto.

Mwaka huo mvua zilikawia, halafu zikaonyesha dalili ya kuja zote pamoja. Mvua ikianza huwezi tena kukausha wala kuchoma, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na moto wake wa mwisho, na vyungu vya moto huo ndivyo vilivyobeba chakula cha miezi ile mibaya mpaka mahindi mapya. Bibi alifinyanga kama mtu anayekimbizwa. Alijaza kibanda, akajaza na chumba tulicholala. Mikono ilikuwa imemvimba. Alipofika mwisho akanisukumia bakuli la udongo mweupe na kusema, "Shingo zote ni zako. Mimi namalizia vichache hivi vya nje."

Nilipaswa kuchora mistari. Nilichora mistari kwenye viwili vya kwanza. Halafu nikatazama yale matumbo makubwa ya mviringo, makavu, mekundu, nikafikiri jinsi mwezi ungependeza pale. Nikaongeza maji kwenye bakuli. Nikaongeza tena. Nikachukua kitambaa, nikalowesha tumbo la chungu mpaka likang'aa, nikagusa udongo mweupe katikati nikauacha ukimbie. Ulikimbia vizuri! Udongo ulinywa maji yale kwa kiu, nami nikaongeza mengine. Kila chungu kilipata mwezi wake, mwingine umechuruzika, mwingine umepinda, na sikuhangaika hata kidogo. Niliimba. Bibi alikuja jioni akaviona. Nikajua ngumi inakuja. Lakini vilikuwa vingi, na pengine vilimpendeza, sijui. Akasema tu, "Basi, na vikauke."

Havikupata siku zao tano. Kesho yake mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mabegani mwa mlima, na jirani akapiga kelele kwamba anayetaka kuchoma achome sasa. Mfinyanzi akiwa na shaka na chungu hukiweka shavuni. Kikiwa baridi, kina maji. Alfajiri ile nilikuwa nimeweka shavu langu kwenye kimoja. Kilikuwa baridi. Nilijua, elewa hilo. Nilijua, nikajisemea kwamba pengine si kitu, kama karatasi ile.

Bibi alipita akivigonga kama kawaida yake, kimoja baada ya kingine, na vingi vikatoa sauti nzito. Halafu, kama kila mara, akanigeukia, akanitazama mdomoni.

"Vimekauka?"

"Vimekauka, bibi."

Tukavipanga, tukafunika kwa majani makavu na matete, akawasha. Moto wa matete unaruka juu upesi. Kwa muda ulisikika moto peke yake, nami nikaanza kupumua. Kisha kikalia cha kwanza, paa, kama mtu aliyevunja kuni gotini. Kisha kingine. Kisha vikafuatana, na vigae vikarushwa mpaka kwenye miguu yetu, na mdogo wangu akapiga makofi akidhani ni mchezo. Bibi hakusogea. Alisimama pale mpaka majivu yakatulia, akachokonoa kwa kijiti, akatoa vyungu vinne vizima. Viwili ni vile vya mistari. Viwili ni vile alivyomalizia mwenyewe. Usiku huo mvua ikaanza, na haikuacha.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Aliosha mikono, akamega muhogo mafungu mawili, langu na la mdogo wangu, akasema yeye ameshiba.

Vyungu vinne havikufika mbali. Wiki chache baadaye tulikuwa tunakinga kungu kwa vikapu, wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, tunawakanda mikate michungu, na mdogo wangu akanyonya vidole hata usingizini. Nilikwenda misheni. Sikwenda kuomba, nilikwenda kusema nilichofanya, maana nyumbani hakuna aliyekuwa tayari kunisikiliza. Mama mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake mlango wa ghala ulikuwa wazi na niliona magunia yamepangwa mpaka darini.

"Masikini," akasema. "Lakini usilie. Utafinyanga vingine. Miezi kwenye vyungu, wazo zuri sana!"

Akaniletea karatasi mpya na kile kisanduku cha bati. Hakuwa mtu katili. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hakuwa katili. Hakujua tu kwamba kuna nyumba ambamo kosa linaliwa. Yeye karatasi yake ikiharibika alikula chakula cha mchana kilekile. Na sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu, Mungu amrehemu: nilikaa. Nilikuwa na njaa, nikakaa nikachora mwezi, na kwa muda ule nikawa na furaha.

Niliporudi, bibi alikuwa amefunga kitenge chake na jembe mgongoni. Alisema anavuka ghuba kwenda bondeni kulima mashamba ya Wanyakyusa kwa chakula. Mwanamke mzima, fundi ambaye wake wa machifu waliulizia vyungu vyake, anakwenda kulima kibarua. Mara tatu mtumbwi wa jirani ulituletea kikapu kutoka kwake, mahindi na maharage, na ndizi juu. Mara ya nne jirani alishuka mikono mitupu. Homa za bonde zilimmaliza bibi katika mafuriko, na walimzika hukohuko, kwenye tuta la mgomba wa mtu tusiyemjua. Mdogo wangu na mimi tulilelewa na jirani. Kile kikapu cha tatu ndicho kilichotuvusha.

Nilikuwa msichana wa kuolewa siku jirani, tukiwa tunasuka mkeka, aliponiambia kitu akidhani nakifahamu.

"Bibi yako masikio yalimfia mwaka aliozaliwa mdogo wako. Hukujua? Alikuwa anasoma midomo. Alinikataza nisiseme, maana mfinyanzi asiyesikia vyungu vyake, nani atachoma naye?"

Niliendelea kusuka mpaka nikakosea safu nzima. Mimi siku zote nilidhani aliniuliza kama mkubwa anavyomuuliza mtoto, kumpa nafasi ajione naye ni mtu. Kumbe aliuliza kwa sababu hakusikia vilivyolia, na jibu langu likimwondolea shaka hakuona haja ya kuweka shavu. Aliazima masikio yangu, nami nikampa uongo.

Vita vilipokuja, Waingereza walipanda kutoka kusini wakawachukua wazungu wa misheni, mama mchungaji na kisanduku chake. Nasikia aliondoka na picha zake zote, kwa hiyo huenda mwezi wangu uko Ulaya ukutani na watu wanausifu. Nyumba ya mchungaji ilianguka paa. Mwalimu alikufa, jirani alikufa, mdogo wangu alifia migodini, ugenini. Nilirudi bondeni mara mbili kutafuta lile tuta. Migomba haikai mahali pamoja, na kila niliyemuuliza alizaliwa baadaye.

Watu huniambia nilikuwa mtoto, nijisamehe. Ni watu wema wote, kama mama mchungaji. Waliokuwa na haki ya kunigombeza wamekwisha kufa, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua kinywa.