Ngumi Alizonifundisha Kaka

Kaka yangu alirudi Voi kutoka Mombasa figo zikiwa zimeharibika. Alikuwa bondia, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kucheza ngumi katika ukumbi mdogo pale mjini. Siku za kusafishwa damu hospitalini alirudi hoi, akalala. Siku nyingine aliweka kiti nyuma ya nyumba na kuniita.

"Mikono yako ni mizito, dadangu, lakini inafika ikiwa imechelewa," aliniambia.

Tulianza na nguvu. Nilichuchumaa na gunia la mchanga mabegani, nikainuka polepole, mpaka mapaja yakatetemeka. Baadaye ikaja kasi. Alichukua mpira wa kikapu uliopasuka, akaujaza mchanga na kuushona, nikawa nautupa ukutani kwa nguvu zangu zote: unyayo unasukuma, kiuno kinazunguka, bega linamalizia. Nikiutupa mara chache tu, ananisimamisha.

"Bado nina pumzi, kaka."

"Sitafuti pumzi. Ukitupa umechoka, mwili unazoea uvivu. Njoo ukae kivulini."

Tulikaa, tukaongea zaidi kuliko tulivyowahi kuongea tangu utotoni. Alisema kinachomtesa zaidi ni kiu. Daktari alikuwa amempimia maji ya kunywa, na joto la Voi mnalijua. Tangu siku hiyo nilikuwa naenda kunywa maji yangu jikoni, asinione.

Tulipokwenda Mwanda kumwona nyanya, kaka alinikimbiza mlimani, mbio fupi za kupanda kwa kasi. Yeye aliketi chini kwenye jiwe, amejifunika sweta, akipiga makofi kila nilipotakiwa kuchomoka. Nilipoteremka mara ya mwisho nilimkuta amesinzia.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mshipa wa kuunganishia mashine ya kusafisha damu, haukutakiwa kuguswa. Jioni moja alivaa padi ya kupokelea ngumi mkono wa kulia, akasimama mbele yangu. Nilipiga kidogo tu.

"Usinionee huruma. Piga!"

Nikapiga. Ngumi ilitoka kama alivyotaka, ikalia paa. Alirudi nyuma, akakaa kitako vumbini, akacheka kama zamani. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa. Nilimbeba hadi kitandani. Gunia letu la mchanga lilikuwa zito kuliko yeye.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema, amefumba macho.

Hakushika padi tena. Tulimzika Mwanda kwenye ukungu, watu wa kanisa wakiimba, na matope ya mlimani yakiganda kwenye viatu vyetu.

Pambano langu la kwanza kubwa lilikuwa Mombasa, majuma machache baadaye. Nilitaka kujitoa, mama akakataa. Raundi ya pili msichana niliyepigana naye aliacha mwanya, mkono wangu wa kulia ukapita kabla sijaufikiria. Refa aliponiinua mkono, niligeukia kwenye kona yangu. Kocha wa ukumbi alikuwa akirukaruka kwa furaha. Ni mtu mwema, lakini nilijikuta nalia, na watu wakadhani ni raha ya ushindi.

Nilipofika nyumbani, mama alinikanda vidole kwa maji ya moto.

"Ulimpiga vipi?" aliuliza.

Nikasimama katikati ya chumba nimwonyeshe. Niliweka mguu, nikageuza kiuno. Akainua mkono uliolowa kunizuia.

"Basi, mwanangu. Unasimama kama kaka yako."