Kwa nini manjano ya mama yamechipua yamepinda

Wakuu wa safu ya nyuma, asalaam aleikum. Karatasi hii ipite chini ya madawati, mwalimu asiione. Nimeshawadanganya mara nyingi, ila hili la leo ni kweli tupu.

Mnajua mama yangu yuko Kilwa, anamuuguza bibi.

Kabla hajaondoka hapa Chole alipanda tuta moja la manjano nyuma ya jiko. Nikamuuliza, "Mama, utarudi lini?"

Akasema, "Masika yakianza, manjano haya yakichipua, jua mimi nimo njiani."

Bora asingesema.

Mvua ya kwanza tu, nimetoka shule mbio hadi kwenye tuta. Kimya. Nikafukua kipande kimoja nichungulie. Kina kijipele cheupe! Nikakirudisha, nikafukia, nikashindilia kwa kisigino.

Kesho yake nikafukua tena. Na keshokutwa. Tuta zima, wakuu. Narudisha vyovyote vile, kichwa chini miguu juu, mradi nimeona.

Msicheke. Nyinyi mama zenu wapo, wanawafinya masikio kila siku.

Juzi yakatokeza. Lo! Moja limejikunja kama mkia wa mbwa, jingine limetokea ubavuni mwa tuta, jingine limeinama kama mwalimu anayetafuta chaki.

Shangazi, ambaye ndiye ninayekaa naye, akashika kiuno. "Nani kayavuruga manjano ya wifi yangu?"

"Kuku, shangazi."

"Kuku, eeh? Hebu lete vidole."

Kucha zote njano, wakuu. Kumi kwa kumi.

Nikafumba macho kungoja kofi. Halikuja. Shangazi alikuwa amechuchumaa, kashika chipukizi moja.

"Kila ukiligeuza, nalo linageuka kutafuta juu. Hapa ulifukua. Na hapa. Na hapa tena."

Akahesabu mipindo saba. Kisha akanisugua vidole kwa ndimu na majivu, taratibu, kama afanyavyo mama.

Nilichojifunza: ukishapanda, acha kuchungulia. Najua, na bado sikuweza.

Jana nimemwandikia mama barua: yamechipua. La kupinda nimeliruka.

Haya, andikeni hapo chini, na utani muuweke kando mara hii moja tu: kuchipua kwa kupinda nako ni kuchipua, au atasema bado?