Alionyesha papa wanapoishi, sasa anajuta

Saa mbili asubuhi Mwishehe Marijani amechuchumaa kwenye sakafu ya diko la samaki, futi ya fundi cherehani mkononi. Anampima pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo. "Sentimita sitini na mbili. Huyu hata hajabalehe," anasema, wala hacheki.

"Kaka Mwishehe, fanya chapchap, samaki wangu wanaharibika!" anafoka Mwanaasha, mchuuzi anayekausha papa.

Kwa miaka sita mkazi huyu wa Chamazi, mwenye umri wa miaka 54, amekuwa akipima papa na taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu, waliokufa, kwa ajili ya mradi wa utafiti. Analipwa shilingi 280,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo aliwavua kwa miaka 27, na balaa lilianzia kwenye ujuzi huo.

"Watu wanadhani papa yuko popote baharini. Thubutu! Nao wana kwao," anasema.

Kwao ni mwendo wa saa saba kwa boti ya injini, nchi kavu haionekani tena, kwenye kilima kilichozama. Pingusi hukusanyika ubavuni mwake, na taa wakubwa huzunguka juu. Miaka minne iliyopita Mwishehe aliwapeleka watafiti. Wakachora ramani, wakaigawa mkutanoni kwa kila aliyehudhuria, wenye boti wakiwemo.

Msimu uliofuata boti tisa zilikwenda na nyavu ndefu. Wiki ile Mwishehe alipima pingusi 140, wengi wao wakiwa na mimba.

"Nilikuwa napima huku nalia. Mie ndo niliwaonyesha njia. Nani mwingine?"

Hakuna aliyemwomba radhi. Inauma kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa mkataba wake unaisha Desemba. Msimamizi wake, Wilbert, anataka awapeleke watafiti kwenye kilima cha pili, kilicho mbali zaidi, ambacho Mwishehe aliropoka habari zake siku moja wakinywa chai. Asipowapeleka, hakuna mkataba mpya.

"Tusipojua wanapoishi, tutawalindaje?" anauliza Wilbert.

"Hata mara ya kwanza alisema hivyohivyo," anajibu Mwishehe.

Mkewe, Salma, ameshamkumbusha kwamba nyumbani hawana kipato kingine. Mpango wa Mwishehe ni kuuza maji ya baridi nje ya uwanja wa mpira kuanzia Januari. Anajua fika kwamba mechi hazichezwi kila siku.

"Kile kilima nakifikia hata nikifumba macho," anasema. "Lakini wewe andika gazetini kwamba Mwishehe kasahau."