Kibao cha Shingoni na Kitenzi "Get"

Alhamisi mwalimu wetu wa Kiingereza alinivika kibao cha aibu shingoni mbele ya darasa zima, na saa ileile nikaapa: huyu bwana atanilipa. Alikuwa ameandika ubaoni kwamba "get" maana yake ni kupata, basi. Nikamnong'oneza jirani yangu kwa Kiswahili: "Huyu naye, diplome yake ya ualimu aliiokota wapi?"

Shuleni kwetu ni Kifaransa tu. Ukisema Kiswahili unavaa kibao mpaka umkamate mwingine, na atakayekutwa nacho Jumamosi, siku ya salongo, kazi za usafi za lazima, anaosha vyoo. Vyoo vya wanafunzi mia tatu! Prefe, mkuu wetu wa shule, alishasema sheria ni ya wote, hata yeye.

Ningeweza kumtega mutoto yeyote wa darasa la kwanza. Sikutaka. Nilimtaka yeye.

Jioni nikaenda misioni, padri akanifungulia kamusi yake nene. Mama yangu! "Get" imejaza kurasa. Kupata, ndiyo, lakini pia kufika, kuelewa, kuugua, kugeuka kuwa kitu kingine. Tena si ya Waingereza wenyewe: waliletewa na watu wa kaskazini waliokuja na mashua kupora, wakanogewa, wakabaki. Nikanakili yote.

Ijumaa nikanyoosha mkono, kibao kikining'inia kifuani, nikauliza kwa Kifaransa, nikimwita "sitwayeni", yaani mwananchi, kama serikali ilivyoamuru.

"Sitwayeni mwalimu, mtu anayeugua amepata nini?"

"Keti."

"Na anayefika nyumbani?"

"Keti, nimesema!"

"Na neno lenyewe, sitwayeni, lilitoka wapi?"

Darasa likaanza kucheka chinichini. Akalegeza kola ya abakosti, lile koti la kiserikali lisilovaliwa tai, akapasuka:

"Funga kinywa, weye mutoto wa shetani!"

Kiswahili safi cha sokoni. Nikavua kibao, nikakiweka mezani pake taratibu kama sahani ya wali. Prefe alikuwa dirishani, amesikia yote. Akasema neno moja kwa Kifaransa: "Vaa."

Siku nzima mwalimu alituzungukia akitafuta wa kumkamata. Akamkanyaga rafiki yangu mguu makusudi. Rafiki yangu akalia kwa Kifaransa. Hata mama muuza mikate pale langoni tulimwonya, akamsalimia "bonjour".

Jumamosi mwalimu alikunja suruali, akashika ufagio. Mimi nilijitolea kuchota maji. Nilimletea ndoo baada ya ndoo, asije akapata kisingizio cha kuacha.