Niliambiwa bypass ya moyo inadumu miaka kumi, na mimi niko mwaka wa kumi na tatu

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Tunduma, kwenye baridi na foleni ya malori.

Haya yamenikuta mwenyewe. Nitayaeleza yalivyo, hata yale yanayonionyesha nilivyokuwa mjinga.

Mimi ni mtu wa Kondoa, nilihamia huku kijana, nauza spea za malori. Miaka kumi na tatu iliyopita nilianza kubanwa kifua kila nikinyanyua kitu kizito. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nameza dawa za vidonda miezi minne.

Siku moja nikaanguka dukani. Mbeya wakanipima, wakanituma Dar. Huko ikaonekana mishipa mitatu inayolisha moyo imeziba.

Nikafunguliwa kifua. Wakachukua mshipa wa mguuni na mwingine wa humo humo kifuani, wakatengenezea damu njia mpya za kukwepa palipoziba. Ndiyo bypass hiyo.

Nilipona vizuri. Tatizo lilianzia wodini, kwa jirani yangu wa kitanda. Aliniambia kwa nia njema kabisa, "Sheikh, hii kitu huwa inadumu miaka kumi."

Sikumuuliza dokta. Nikaibeba ile kauli kama hukumu.

Mwaka wa tisa nikaanza mambo ya ajabu. Dawa nikawa naruka, najiambia za nini tena. Posa ya binti yangu Zuhura ilipokuja, nikataka aolewe mwezi ule ule, wakati alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha ualimu. Nilitaka nimuozeshe nikiwa hai.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuhura, unaumwa au unaogopa?"

Nikachukua funguo za duka, nikatoka.

Wiki hiyo hiyo akaingia dukani mzee mmoja mfugaji wa Ndalambo, anatafuta beringi za tela la trekta. Kwao bondeni ni joto, kwa hiyo alipanda huku na shati jepesi, vifungo viwili viko wazi. Nikaona kovu limenyooka katikati ya kifua. Kama langu.

Beringi nikazisahau.

"Shikamoo mzee wangu. Hilo kovu ni la moyo?"

"Marahaba. La moyo. Mbona umeshtuka?"

Nikafungua shati langu. Akacheka, akavuta tairi akakaa.

Nikamuuliza ana miaka mingapi nalo. Akafikiri kidogo. "Wanangu walinipeleka India. Nimerudi, mjukuu wangu wa kwanza anatambaa. Sasa hivi huyo mjukuu ana watoto wawili."

Wakuu, nilimhoji kama polisi. Anakula nini, anatembea kiasi gani, anachoka lini.

"Sigara niliacha siku ile ile," akasema. "Dawa nameza kila siku, hata nikiwa porini na ng'ombe. Kliniki siruki. Mengine kamuulize dokta, mwanangu. Mimi najua ng'ombe."

Jumatatu nilikuwa Mbeya, maswali nimeyaandika kwenye karatasi. Dokta alikuwa dada mdogo kwangu kiumri, mpole. Akayasoma yote, akaniuliza, "Nani alikupa tarehe ya kufa?"

Akanielewesha kwamba mshipa uliotoka mguuni unaweza kuziba tena kadiri miaka inavyokwenda, na ule wa kifuani kwa kawaida huvumilia zaidi. Wapo wanaopata shida mapema na wapo wanaozeeka nayo.

"Siwezi kukuahidi miaka," akasema. "Ila ukiruka dawa, unaipunguza mwenyewe."

Wakanipiga picha ya mishipa. Ule wa mguuni ulikuwa umeanza kuwa mwembamba. Safari hii hawakunifungua, wakanibadilishia dawa na kunipangia tarehe za kurudi. Sijaruka hata moja.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Zuhura amalize chuo kwanza. Akaniangalia, akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba unaogopa."

Mchumba alisubiri. Leo binti yangu ni mwalimu, na ni mke wa mtu.

Nilichojifunza ni hiki: neno la jirani wa kitanda, hata likiwa la upendo, lipeleke kwa dokta kabla hujapanga nalo maisha yako na ya wanao.

Ila kuna kitu bado nakiwaza. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, kwa nini mshipa huu uchoke na ule uendelee? Dokta alinieleza nikaelewa nusu. Wenye elimu hiyo humu mtufundishe kwa lugha nyepesi.

Na kama wewe au mzazi wako mmefanyiwa, andika hapa uko mwaka wa ngapi na unaishije. Yule mzee bado anapita dukani akipanda mjini. Simu yake ni ya kitochi, kwa hiyo majibu yenu nitamsomea mimi.